Joka linalopita Kisumu Ndogo

MSOMAJI mpenzi, ikiwa hujawahi kuliona joka kwa macho yako, panda matatu ya nambari 8 katikati ya jiji la Nairobi, ushuke Makina, kisha uulize reli iko wapi. Usiwe na haraka. Nunua hindi la kuchoma, simama kando pamoja na wenyeji, usubiri.

Kwanza utasikia kokoto za reli zikitetemeka. Mama anayeuza sukuma wiki atavuta gunia lake nyuma hatua mbili, bila hata kukatiza hadithi anayompa mwenzake. Watoto watapiga mbinja. Halafu honi italia, na joka lenyewe litapita likinguruma na kutoa moshi, mkia wake ukichukua dakika nzima kumalizika. Kabla vumbi halijatua, watu watakuwa wamerudi kwenye reli, wakiendelea na safari zao kwa miguu kama kwamba hakuna kilichotokea.

Nami nimeliona mara nyingi tangu nije mjini, lakini sikujua kuwa ni joka. Nilifundishwa hivi majuzi na kijana wa miaka 15.

Nilimkuta katika soko la Toi, mahali ambapo Mnairobi hupata koti la Ulaya kwa bei ya sahani ya pilau. Kati ya wauza viatu na wauza mapazia yupo mzee anayetandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai. Kijana huyo alikuwa amesimama wima, mgongo kwenye mlingoti, anasoma kitabu kinene chenye picha ya joka la buluu kwenye jalada. Hakuwa amekinunua. Mwenye duka alinieleza kwa sauti ya chini kwamba huo ulikuwa mwezi wa pili kijana akija kila Jumamosi kukisoma hapo hapo, na kwamba masharti waliyopatana ni mawili tu: asikunje kurasa, na asiwazibe wateja.

Kitabu chenyewe kiliitwa Eragon. Ni cha kwanza katika mfululizo wa Mmarekani Christopher Paolini, ambao wanafunzi wengi wa sekondari mjini wanaufahamu, aghalabu kupitia nakala iliyopita mikono kumi. Kwa wazazi wasioufahamu, kisa ni hiki. Eragon ni mvulana wa shamba, analelewa na mjomba wake. Siku moja akiwinda anaokota jiwe la buluu, kumbe ni yai. Linapasuka na kutoa joka jike, Saphira. Joka halipandwi na yeyote atakaye. Lenyewe humchagua mpanda wake, na tangu siku hiyo wawili hao husikizana mawazo. Mfalme wa nchi hiyo, Galbatorix, hataki kuwe na mpanda joka asiyemtii. Anatuma watu wake, mjomba anauawa, na mvulana anaingia vitani akiwa mgongoni mwa joka.

Paolini alianza kuandika habari hizo akiwa na umri wa miaka 15, huko Montana, akisomea nyumbani kwa wazazi wake. Jamaa zake walikichapisha kitabu wenyewe mwaka 2002, na mwaka uliofuata kampuni kubwa ya New York ikakichukua. Vikafuata Eldest mwaka 2005, Brisingr mwaka 2008 na Inheritance mwaka 2011. Wala yeye si wa kwanza kuwapandisha watu juu ya majoka. Bi Anne McCaffrey alikuwa amefanya hivyo tangu 1968 katika kitabu chake Dragonflight.

Nilimuuliza kijana swali ambalo nadhani kila mtu mzima angeuliza. Mtoto wa Kibera anatafuta nini katika majoka ya Marekani?

Alinitazama kwa huruma. "Sista," akasema, "ya Marekani ni ya karatasi. Sisi tuna la chuma. Twende kwetu Kisumu Ndogo, babu atakuambia."

Basi tukaondoka, yeye mbele mimi nyuma.

Kisumu Ndogo ni mojawapo ya vijiji vinavyounda Kibera, pamoja na Makina, Lindi, Laini Saba, Gatwekera, Silanga, Mashimoni na vinginevyo. Jina hilo limependwa, kwani hata Korogocho kuna pembe inayoitwa Kisumu Ndogo. Popote walipokaa watu wa ziwani kwa wingi, walilichukua jina la nyumbani wakalipachika kwenye mabati.

Na nyumbani kwenyewe kunanukia. Njia ni nyembamba, mtaro katikati, lakini kila hatua kumi kuna jiko la makaa. Huku omena wamerundikwa kwenye beseni, kule samaki amekaangwa hadi mkia umejikunja. Redio ya fundi cherehani inapiga ohangla. Watu wanasalimiana kwa Kijaluo, wanabishana kwa Kiswahili, na watoto wanatukanana kwa Sheng. Husemwa kwamba jina Kisumu latokana na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula, au kubadilishana mali kwa chakula. Kama ni hivyo, basi hakuna mahali panapostahili jina hilo kuliko hapa.

Babu wa kijana tulimkuta mlangoni, anashona soli ya kiatu. Ni mzee aliyepita miaka 75, mikono yake imara kama ya kijana.

"Kwara," mjukuu akaanza, "mgeni huyu anataka kujua kama umewahi kupanda joka."

Mzee alicheka mpaka sindano ikamponyoka. "Mwambie mimi sikulipanda. Mimi nilikuwa abiria. Tena wa daraja la tatu."

Nikavuta kigoda, nikakaa.

Labda nikukumbushe, msomaji, yale tuliyosoma shuleni na kuyasahau baada ya mtihani. Zamani kabla Mzungu hajaweka chuma ardhini, waaguzi wa jamii mbalimbali walikuwa wameshasema kwamba nyoka wa chuma angekuja. Wakikuyu humtaja Mugo wa Kibiro. Wakamba humtaja Masaku. Wanandi humtaja Kimnyole arap Turukat, aliyeuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890, na ambaye inasimuliwa alisema nyoka huyo angetoka kwenye maji ya mashariki, akitema moto na moshi, aje akate kiu yake kwenye maji ya magharibi.

Katika lugha yetu, nyoka akizidi ukubwa huitwa joka. Mpe moto na moshi mdomoni, umpe na watu mgongoni, na huna haja ya kwenda Montana.

Tena unabii wa kiu haukuwa mbali na ukweli. Gari la moshi la siku hizo liliendeshwa kwa mvuke. Moto ulichemsha maji kwenye tangi, mvuke ukasukuma mitambo, na maji yalipopungua joka lilisimama kunywa. Ndiyo maana stesheni za kale zilikuwa na matangi makubwa yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Joka lilianza kutambaa kutoka Mombasa mwaka 1896, likafika Nairobi Mei 1899, na Disemba 1901 likatia mdomo ziwani, mahali Waingereza walipopaita Port Florence. Ndipo Kisumu penyewe. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga reli hiyo, na karibu 2,500 kati yao wakafa.

Vita navyo vilikuwepo. Wanandi, wakiongozwa na Koitalel arap Samoei, mwanawe Kimnyole, waliwasumbua Waingereza tangu 1895 kwa muda wa miaka kumi. Waya za simu walizifanya mapambo, nati na vyuma vya reli wakavifua silaha. Mwezi wa Oktoba 1905, afisa Richard Meinertzhagen wa jeshi la King's African Rifles alimwita Koitalel kwenye mazungumzo ya amani, akampiga risasi. Vita vikaisha muda mfupi baadaye.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyofungamana. Jeshi hilo hilo la King's African Rifles lilikuwa na askari wengi wenye asili ya Sudan. Wastaafu wao ndio waliopewa makao katika msitu ulio nje ya Nairobi, tangu mwaka 1904. Msitu kwa lugha yao ni kibra. Hao ndio Wanubi wa Makina, wenyeji wa kwanza wa Kibera. Mwaka 1918 serikali ilitenga zaidi ya ekari 4,000 kwa ajili ya askari hao. Kizazi cha wajukuu kilipokabidhiwa hatimiliki mwaka 2017, zilikuwa ekari 288.

Kwa hiyo hapa Kibera wako wajukuu wa wale waliotumwa kulilinda joka, wakiishi ukuta kwa ukuta na wajukuu wa wale walioletwa mjini mgongoni mwake.

Mzee alikuja mwaka 1966. Alipanda Kisumu jioni, akiwa na gunia la unga, kuku mmoja na anwani ya binamu iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Alikaa kwenye benchi la mbao usiku kucha. Alfajiri baridi ya Kikuyu ikamwamsha. Treni ikateremka, ikapita Dagoretti, ikapita mahali penye miti, vishamba na nyumba za Wanubi. Akamuuliza jirani yake kama hiyo ndiyo Nairobi. Akaambiwa, bado, hii ni Kibera.

"Niliiona Kibera kabla ya kuiona Nairobi," mzee akasema. "Nikajiambia, hapa ni pazuri, iko siku nitarudi kutembea. Nilirudi baada ya miezi miwili kutafuta chumba. Mpaka leo sijamaliza kutembea."

Mjukuu alikuwa amechutama kando, daftari magotini. Ndipo nikagundua kwamba naye anaandika. Ana mfululizo wake, na umefikia kurasa tatu. Una joka la chuma, lina vita, lina mvulana. Amekwama kwenye jambo moja: mpanda joka awe nani? Wazungu walioliendesha? Wanandi waliolipinga? Askari waliolilinda? Au babu yake na kuku?

Mzee hakujibu moja kwa moja. Alisimulia kisa cha Luanda Magere, kama alivyokuwa amekisimulia, nadhani, mara mia. Luanda alikuwa shujaa wa Wajaluo katika uwanda wa Kano. Mwili wake ulikuwa wa jiwe, mikuki ya Walang'o ikipiga ikirudi. Adui walipochoka wakampa binti yao amwoe. Siku moja Luanda akaugua, akamwambia mkewe huyo amchanje dawa, si mwilini bali kwenye kivuli chake. Mke alipochanja kivuli, damu ikatoka. Usiku ule ule akakimbia kwao na siri. Katika vita vilivyofuata mtu mmoja akakichoma mkuki kivuli cha Luanda, na shujaa akaanguka, akawa jiwe. Jiwe hilo lipo Kano hadi leo na watu huenda kulitazama. Kisa chenyewe kimechezwa jukwaani pia. Okoiti Omtatah, aliyechaguliwa seneta wa Busia mwaka 2022, alikitungia tamthilia iliyochapishwa mwaka 1991.

"Kila kitu kigumu kina kivuli," mzee akasema, akivuta uzi. "Hata la chuma. Wanandi walijua kivuli cha reli ni nati. Muulize baba yako mdogo."

Baba mdogo alikuwa kibanda cha pili, akikarabati simu. Hakupenda swali, lakini alipoona daftari la mpwa wake alilegea.

Januari 2008 alikuwa na miaka 22. Uchaguzi wa Disemba 2007 ulikuwa umevurugika na nchi inawaka. Vijana wa Kibera waliteremka relini na nyundo na vyuma, wakafungua nati, wakainua reli kwa mikono, wakaitupa kando. Treni za mizigo za kwenda magharibi na Uganda zikakwama. Yeye alikuwepo. Anakumbuka jinsi walivyoimba, jinsi chuma kilivyokuwa cha moto mkononi, jinsi alivyojiona mkubwa kuliko serikali.

"Nilidhani siku ile mimi ndiye niliyepanda joka," akasema. "Usiku huo mama alienda dukani kutafuta unga, akarudi mikono mitupu. Wiki hiyo rafiki yangu wa Makina, Mnubi, tuliyekula sahani moja, alipita karibu nami na hakunisalimia. Mwezi wa pili wakubwa wakapeana mikono, tukawatazama kwenye televisheni ya kinyozi."

Ni kweli. Mnamo Februari 28, 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano mbele ya Kofi Annan. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliokuwa wamekufa kote nchini. Reli ilirudishwa mahali pake. Watu hao hawakurudi.

Kijana aliacha kuandika. "Baba mdogo, kwa hiyo ni kama Murtagh."

Baba mdogo hamjui Murtagh, na huenda wewe pia humjui. Ni rafiki yake Eragon. Katika kitabu cha pili mfalme anamlazimisha kula kiapo, naye anatokea vitani akiwa juu ya joka jekundu, kupigana na rafiki yake mwenyewe. Ukimwona angani utadhani ndiye mwenye nguvu. Kumbe yeye na joka lake wote wawili wamepandwa, na aliyewapanda yuko kwenye kiti chake mbali na moshi. Tena Galbatorix mwenyewe, huyo mfalme dhalimu, alikuwa mpanda joka kabla ya kuharibika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtoto huyu amesimama mlingotini Jumamosi nane mfululizo. Mimi nilidhani anakimbia Kibera kwa kwenda angani. Kumbe anatafuta jibu la swali ambalo jamaa zake watatu wameishi ndani yake: utajuaje kama unapanda, au ni abiria, au wewe mwenyewe umepandwa?

Nilimtajia mwanamke mwingine wa Marekani, Naomi Novik, ambaye katika mfululizo wake wa majoka yanayopigana vita vya Napoleon alikileta kisa mpaka Afrika. Katika Empire of Ivory, kilichotoka mwaka 2007, Watswana wana majoka wanayoyaamini kuwa mababu waliozaliwa upya, na majoka hayo yanaziteketeza bandari za watumwa. Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama katika kitabu hicho kuna reli. Nikamwambia hapana, vita vya Napoleon ni vya kabla ya reli.

"Sawa," akasema kwa utulivu wa mtu aliyekuta kiti chake bado kitupu.

Nikamkumbusha kwamba hata kwao ziwani majoka yapo. Marehemu Grace Ogot, katika hadithi yake The Rain Came, alimwandika Oganda, binti wa chifu aliyepelekwa kwa dubwana la ziwa ili mvua inyeshe, na mpenzi wake akamwokoa njiani. Na babu akaongeza Omieri, chatu wa Nyakach, ambaye wazee walimhesabu kuwa ni dalili ya mvua na mavuno, na ambaye mwaka 1987 aliungua nchi nzima ikapata habari zake.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Mzee alitusindikiza hadi relini, kiatu cha mteja kikiwa bado mkononi. Treni ya abiria ya kwenda Kisumu ilikuwa imesimama miaka mingi kabla ya kurejea Disemba 2021, na ilipopita hapa kwa mara ya kwanza, mzee alitoka kuiangalia. Hakuipanda. Alitaka tu kuona kama nyuso za madirishani zinafanana na uso wake wa 1966. Anasema zinafanana.

Kokoto zikatetemeka. Mama wa sukuma wiki akavuta gunia. Tukasimama wanne kando, babu, baba mdogo, kijana na mimi, na joka likapita. Kijana alikuwa anahesabu mabehewa kwa midomo. Mimi nilimtazama dereva, dirishani kule juu, kiwiko nje, kofia kichwani. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, aliyechoka, anaenda kumaliza zamu. Akapunga mkono. Babu akampungia.

Nilipoagana nao nilimwambia kijana twende Toi nimnunulie kile kitabu, kiwe chake, akisome amekaa. Bei yake haikuzidi nauli yangu ya wiki.

Alifikiri, akanishukuru, akakataa.

"Zimebaki kurasa 60, sista, na mzee wa vitabu hana neno. Kama unataka kunisaidia, ninunulie madaftari mawili. Hili limekaribia kuisha na bado sijafika 1905."

Tulinunua manne.